Ufa wa Upande wa Abiria

Watu wa Mwanza wakiona kioo cha gari lako kina ufa, hawakuulizi umeupataje. Wanakutolea methali. Trafiki alinitolea, mzee wa kanisa alinitolea tukitoka ibadani, na jirani yangu hapa Mkolani, ambaye paa lake linavuja tangu nimfahamu, naye alisimama mbele ya gari langu, mikono kiunoni, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilimwuliza kama paa lake halimo kwenye methali hiyo. Hatukusalimiana siku tatu.

Hasira ninazo tangu utoto, lakini mwaka ule zilizidi kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Binti yetu alijifungua Dar es Salaam, mtoto wake wa kwanza, na mke wangu akaenda kukaa na mzazi siku arobaini, kama mama yake mwenyewe alivyokuja kukaa naye zamani. Nilimpeleka stendi ya Nyegezi na mabegi mawili, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na dumu la samli. Siku arobaini ziliisha, akabaki. Ikafika miezi minane, na kiti cha abiria kilikuwa bado kimesogezwa mbele kwa kipimo cha miguu yake.

Jiwe lilinipata wiki ile ile aliyoondoka. Nilikuwa natoka msibani Bujora, nimeshaiacha Kisesa nyuma, lori la kokoto likanipita kwa fujo na punje moja ikagonga kioo upande wa kushoto, palepale ambapo uso wake ungekuwa. Angekuwamo angepiga kelele, angemlaani dereva wa lori, kisha angenigeukia mimi niliyemwachia njia. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, ta! Nikasema kwa sauti, "Umemwona huyu?" Halafu nikakumbuka niko peke yangu, nikafunga mdomo hadi nyumbani.

Kilikuwa kidonda kidogo, ukubwa wa punje ya dengu. Fundi angekiziba kwa muda wa kunywa chai. Lakini kwetu mambo ya mafundi yalikuwa ya mke wangu. Mimi nikizungumza na fundi dakika tano tumeshagombana. Nikajiambia nitamngoja arudi, tutakwenda wote.

Basi Jumamosi moja ya jua kali niliteremsha gari hadi kando ya ziwa, nikafanya kosa ambalo sisi wanaume wa mji huu tunalifanya bila kufikiri, kwa kuwa maji tunayo mlangoni. Gari limechemka, kioo hakishikiki, nikachota ndoo ya maji ya ziwa nikalimwagia. Kile kidonda kililia mara moja, na ufa ukakimbia mbele ya macho yangu urefu wa kiganja, ukija upande wa dereva. Waosha magari waliokuwa jirani wakaniambia pole, mzee. Sikutaka pole. Nilitaka mtu wa kunigombeza, na huyo alikuwa Dar es Salaam anaogesha mjukuu.

Sikumwambia. Alipiga simu kila jioni, akaniuliza habari za huko, nikajibu nzuri. Akauliza hamjambo, nikajibu hatujambo. Ndivyo tulivyolelewa. Hata penye msiba, ukiulizwa habari unaanza na nzuri. Mgeni akishakaa, akishapewa maji, ndipo yale mengine yanafuata. Ila kwenye simu hakuna anayekaa wala anayepewa maji. Yale mengine hayakufuata hata siku moja, na mimi nikajiona mwanaume mwungwana.

Mwishowe ufa ulifika mbele ya macho yangu, nikawa naiona barabara vipande viwili. Nikaenda kwa fundi wa vioo, mtu mzima wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliniamkia, shikamoo, nikaitika. Akaupapasa ufa kwa ukucha, akavuta pumzi, nikajua kinachokuja.

"Mzee, wahenga walisema..."

"Wahenga hawakuwa na magari. Fanya kazi."

Alicheka. Alilisukuma gari kivulini, akangoja kioo kipoe, akatoboa tundu dogo sana mwisho wa ufa ili usiendelee. Akanieleza kwamba gundi yake ni nyepesi kama maji, inaingia ufa ukiwa umeachama kidogo, na ili uachame lazima mtu aketi ndani akisukume kioo kwa kidole gumba, taratibu, bila kuachia.

"Wengi huja na mtu," alisema. "Wewe hukuja na mama?"

"Nitaketi mimi."

Ndipo nilipoketi kwenye kiti cha mke wangu kwa mara ya kwanza. Magoti yaligonga mbele, nikakaa nimejikunja, sikukisogeza kiti. Niliweka kidole kwenye kioo, fundi akaanza kudondosha gundi kwa nje. Upande wangu wa kulia usukani ulikuwa hauna mtu. Nilishikwa na upweke wa kweli, mchana kweupe.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya kiti cha dereva, na mimi siwezi kuachia kioo. Fundi aliingiza mkono dirishani, akasoma, "Imeandikwa Mama Watoto," na kabla sijamkataza akabonyeza, sauti ya mke wangu ikajaa garini.

"Babu! Habari za huko?"

"Nzuri."

"Hamjambo?"

"Sisi hatujambo."

Fundi aliinua uso akatazama viti vya nyuma, akitafuta hao wengine. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu.

"Mbona sauti yako iko mbali?"

"Nimeshika kioo cha gari. Kina ufa."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki uliyoondoka."

Akasema polepole, "Miezi minane nakuuliza habari. Nini kingine hujaniambia?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba bado nasonga ugali wa watu wawili, nusu inakuwa kiporo nakila asubuhi. Nilimwambia silali chumbani, nalala kwenye kochi na redio inaongea. Nikamwambia neno ambalo sikuwa nimelisema tangu aondoke, "Rudi nyumbani, mama. Nimeshindwa."

Fundi aliacha chupa yake, akatazama kando. "Achia sasa, mzee," alisema kwa upole. Nikaachia. Ufa ulijifunga juu ya gundi, ukapotea karibu wote, ukabaki mstari mwembamba unaoonekana ukiutafuta.

Kwenye simu mtoto alilia, nikamsikia mke wangu akimbembeleza kwa jina ambalo silijui, jina lao la huko ndani.

"Siku ya arobaini nilifunga begi," alisema. "Nikakupigia nikakuuliza kama unanihitaji. Unakumbuka ulichosema?"

Nilikumbuka. Nilisema asiwe na haraka, huku salama.

"Nikafungua begi. Nililia, babu, nikajua nyumba yangu hainihitaji tena. Sasa binti yetu amesharudi kazini, mtoto halali ila mgongoni kwangu. Kwaya ya hapa wamenipokea. Nimewazoea." Alisema bila hasira, na hasira ningeiweza. "Desemba nitakuja. Wiki moja hivi. Nitakuja kukusalimia."

Miaka thelathini na mmoja tumelala chini ya paa moja. Anayekuja kusalimia ni mgeni. Fundi alikuwa anangoja nishuke alisukume gari juani ili gundi ikauke. Nikamjibu mke wangu kama wageni wanavyojibiwa.

"Karibu sana," nikasema.