Dawa: Hakuna

Msimamizi wetu wa maabara mjini Kitale alikuwa na sentensi moja aliyomrushia yeyote aliyemkera: "Mkono yako ni ya jembe, bana, si ya maabara." Mimi aliniambia mbele ya wanafunzi wanane na mama mmoja wa mtaa wa Kipsongo aliyekuwa akivuja damu. Nimewasamehe watu wengi maishani, hata aliyeniibia kuku. Huyo sikumsamehe, na sioni haya kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Yule mama alikuwa apasuliwe uvimbe shingoni, na daktari alitaka kujua damu yake inachukua muda gani kukoma. Unamfunga mgonjwa mkanda wa presha juu ya kiwiko, unamchanja kidogo chini yake, kisha kila nusu dakika unagusisha karatasi ya kunyonya kwenye damu. Madoa hupungua, huwa vitone, huisha. Kwa mtu mwenye afya hayafai kupita dakika tisa hivi. Ya mama huyu yalifika dakika ya kumi na saba, na msimamizi akatangaza kwamba nimemchanja mpaka mfupani.

Mama aliniinamia, akaninong'oneza, "Daktari, si niliambia yule mzee nimemeza mbili za kichwa jana? Zile za kwa duka." Nikaitazama fomu. Aliyempokea mezani alikuwa msimamizi mwenyewe, na kwenye mstari wa dawa alikuwa ameandika neno moja: hakuna. Kwetu kidonge cha dukani, kinachouzwa kimoja kimoja ndani ya kipande cha gazeti, hakihesabiwi kuwa dawa. Hata mimi sikukihesabu. Nilinyamaza, na wiki iliyofuata nikahamishiwa tawi letu la Bungoma kupima choo na mkojo. Nilikaa huko miaka minne.

Huko Bungoma nilijiandikisha kwa masomo ya wikendi, na kitabuni nikakutana na chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba kidonda. Mshipa ukiwa mzima, ukuta wake huzituliza zisishikane ovyo. Mshipa ukikatwa, kimeng'enya kilicho ndani ya chembe huanza kazi: hutengeneza kemikali ya kuziita nyingine, nazo huja, hushikana, hujenga kizibo. Aspirini, ile ya kichwa inayouzwa dukani, huingia na kukifunga kimeng'enya hicho, na haikifungui tena. Seli nyingine ingeunda kipya. Chembe sahani haina kiini, haina pa kukiundia, kwa hiyo hubaki bubu mpaka ife, baada ya siku kumi hivi. Damu husubiri uboho wa mifupa utoe chembe mpya ambazo hazijakutana na dawa.

Vidonge viwili vya kichwa. Nilisoma ukurasa huo nikiwa nimesimama, nikaurudia mara tatu, na chai ikapoa. Mkono wangu haukuwa na kosa. Aliyekosa ndiye aliyeambiwa na hakuandika, na jina langu ndilo lililochafuka kuanzia Kitale hadi nyumbani Kimilili, ambako mjomba bado ananiuliza kama nimejifunza kudunga sindano. Hasira yangu, tofauti na chembe sahani, ilikuwa na kiini. Kila asubuhi iliunda nyingine.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nilimaliza masomo, nikapandishwa cheo, na mwaka jana nikatumwa Kitale kuwafundisha wafanyakazi wa maabara. Msimamizi alikuwa bado yupo, mvi kichwani, ameketi mstari wa mbele. Wakati wa chai ya saa nne nilimsikia akijigamba huku akila mandazi kwamba daktari wa moyo amempa kidonge kidogo cha aspirini, anameza kimoja kila asubuhi. Nilikoroga sukari. Moyo wangu ulifurahi hivi kwamba niliogopa utaonekana usoni.

Tuliporudi niliomba mtu wa kujitolea, mwenye damu ya kawaida. Nilijua nani angeinuka. Aliinuka, akakunja shati, akasema, "Chukua hii yangu, madam. Hii ni damu ya mkulima."

Nilijaza fomu mwenyewe. Kwenye mstari wa dawa sikumuuliza kitu. Niliandika: hakuna.

Nikamchanja taratibu, vizuri kuliko nilivyowahi kumchanja mtu yeyote. Dakika ya tano ilipita. Ya tisa ikapita. Kwenye dakika ya kumi na nne madoa yalikuwa bado mapana. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia, "Labda mkono wangu ni wa jembe."

Nilingoja ashtuke. Alitazama karatasi tu, kisha akasema polepole, "Lakini hujaniuliza kama nimemeza dawa."

Miaka hiyo yote nilikuwa nikiisubiri sentensi hiyo. "Hata yule mama wa Kipsongo alikuambia," nikamjibu. "Ukaandika hakuna. Ukanihamishia Bungoma mimi."

"Mama gani?" akauliza.

Hakuwa akijifanya. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, nikakosa. Mimi niliyembeba kifuani miaka yote hiyo, yeye hakuwa hata na kumbukumbu ya siku ile.

Ndipo binti mmoja wa mafunzo, mgeni kazini, akaichukua fomu mezani. Aliisoma, akaniangalia. "Madam, hapa kwa dawa imeandikwa hakuna. Nani aliandika?"

Watu ishirini waliniangalia. Ningeweza kusema nilisahau.

"Ni mimi," nikasema. "Na nilijua anameza."

Binti aliirudisha fomu mezani, akaipangusa mikono yake kwenye koti lake jeupe. Nikachukua pamba, nikaishika juu ya mkono wa yule mzee na kubana. Damu yake ilikataa kukoma, kwa hiyo ilinibidi nimshike muda mrefu, na yeye akaniambia, "Pole, madam, nimekuchelewesha."