Ngoja Ipoe

Baba yangu hawezi kuzima gari. Sisemi kwamba hajui. Ameendesha malori ya masafa marefu mpaka akastaafu, na hakuna gia wala breki asiyoijua. Nasema kwamba akishafika anakokwenda, akaegesha vizuri, akavuta breki ya mkono, anakaa. Injini inanguruma, yeye kakunja mikono anatazama mbele. Ukigusa mlango atakwambia, "Ngoja ipoe." Sokoni, msibani, kwa daktari wa meno, ngoja ipoe. Majirani wanamwita Mzee Ngojaipoe, na anaitika.

Laiti angekuwa anakaa peke yake. Kwake yeye, kulishuka gari lililokubeba likiwa bado linahema ni utovu wa adabu, kwa hiyo abiria wote tunakaa. Nimewahi kukaa na mfuko wa nyama mapajani, damu inanichuruzikia kwenye sketi. Mume wangu amewahi kukaa na haja ndogo mpaka machozi yakamlengalenga, kwa kumstahi baba mkwe.

Sababu yake naijua kwa moyo, maana Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiisimulia kila tukipata wageni. Baba alikuwa safarini na shehena ya saruji, na huku nyumbani Mama siku zake zimetimia. Baba akapanda mlima mrefu, akafika kileleni, akazima lori papo hapo likiwa moto ili anywe maji. Sasa turbo, yaani kile kifeni kinachosukumia injini hewa, huzunguka kwa kasi ya ajabu kwenye moshi wa moto, na kwenye malori yale kilichokuwa kikiipoza ni oili tu. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungulia humo humo. Alipotaka kuwasha aondoke, turbo ilikuwa imekwama, haizunguki. Akalala barabarani akisubiri kipuri. Alipofika nyumbani alinikuta nimeshazaliwa na nimeshapewa jina.

Mama hakuwa na matusi, alikuwa na methali. Kila Baba akichelewa jambo, hata chakula, alimwambia, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na baba yangu tangu mlima ule anashtuka kila anapoona swichi ya gari.

Gari letu mimi na mume wangu, ambalo siku hizi huliendesha Baba, ni dogo, jipya, la petroli, na kwa bahati mbaya lina turbo. Kosa letu lilikuwa kumwambia. Nilipochoka kungoja nikampeleka kwa fundi, makusudi. Fundi akafungua boneti, akamweleza kwa subira ambayo mimi sina. Turbo ya gari hili inapozwa na maji pia, na kuna pampu ndogo ya umeme inayoendelea kuyazungusha hata ukishazima. Kama umetoka kupanda mlima na mzigo, au umelikimbiza sana, lipe dakika moja, hakuna ubaya. Kwa safari za mjini, zima ushuke zako, maana ule mwendo wa pole wa kumalizia safari unatosha kulipoza. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri, akashukuru. Njiani aliniambia yule fundi kalelewa vizuri. Tukafika nyumbani, tukaegesha, tukangoja ipoe.

Nilikuwa na mimba kubwa wakati huo, na mume wangu kazi imempeleka mbali. Wodi ya wazazi wanaruhusu ndugu mmoja kuingia na mzazi. Mama hayupo, dada sina. Nikameza aibu nikamwomba Baba. Akakohoa, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Wewe nilikukosa," akasema. "Huyu simkosi, mwanangu. Nitakuwepo."

Hajawahi kuniambia neno kama hilo maishani mwake, na nililishika.

Uchungu ulinikuta nikianika nguo. Nimpe haki yake, alikuwa ameshawasha gari kabla sijamaliza kumwita. Barabara kuu alilikimbiza kama kijana, mimi nyuma nimeng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili. Kisha tukaingia njia ya hospitali, tuta baada ya tuta, foleni, mwendo wa kobe mpaka getini. Manesi wakaja na kiti cha magurudumu, wakaniketisha. Nikageuka kumtafuta. Yuko kwenye usukani, kakunja mikono.

"Baba, njoo."

"Tangulia, mama. Tumeikimbiza sana. Nakuja sasa hivi, ngoja ipoe."

Ningekuwa na pumzi ningemwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake. Wakanisukuma ndani, na mkono nilioushika ni wa nesi nisiyemjua. Mtoto mwenyewe hakungoja chochote kipoe. Baba alipotokea mlangoni, mkoba wa nguo za mtoto begani na funguo mkononi, kitovu kilishakatwa na mjukuu wake alikuwa anapiga kelele kwenye mizani.

Methali ya Mama ilinijia yenyewe, na sikuizuia. Nilimpa yote, neno kwa neno.

Akakaa kwenye kiti cha pembeni. "Nilidhani nina muda," akasema.

"Ilishapoa, Baba. Kwa foleni ile ilishapoa tangu getini."

"Najua," akasema. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alijua.

Tuliporuhusiwa alikuja kutuchukua. Aliendesha polepole mno, kila tuta akilipita kana kwamba kabeba mayai. Nilikuwa kiti cha nyuma na mtoto mapajani, hasira bado hazijaniisha. Tulipofika akaegesha, akavuta breki ya mkono. Nikaegemea, nikafumba macho kama tulivyozoeshwa.

Injini ikanyamaza. Nikadhani imezimika yenyewe, imeharibika, na hilo nalo nitalisikia maisha yangu yote. Nilipofumbua macho Baba alishafungua mlango wa nyuma na anamtoa mtoto mikononi mwangu.

"Haijapoa, Baba," nikasema. Lilinitoka tu.

"Acha iungue."

Akamfunika mtoto uso jua lisimpige, akaingia naye ndani. Hakugeuka nyuma. Chini ya boneti pampu ilikuwa ikivuma yenyewe, vilevile fundi alivyosema, na mimi nikabaki kiti cha nyuma na mshono wangu wa uzazi, namwita arudi anishushe.