Macho ya Fundi Wangu

Watu wakiniuliza kwa nini niliiuza BMW yangu, huwa nawaambia nilichoka kutafuta spea. Ni uongo. Spea nilikuwa nazitafuta kwa raha, kama wenzangu wanavyotafuta vitenge. Niliiuza kwa sababu ya macho ya mtu. Mtu huyo yuko hai, na haya ninayoandika hawezi kuyasoma, kwa hiyo nitayasema yote kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Nakuru, lakini nimewahudumia wagonjwa wa sukari hapa magharibi mwa Sydney mpaka nywele zimeota mvi. Baba yangu alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni, na gari la mkurugenzi lilikuwa BMW nyeusi ambayo baba aliipangusa vizuri kuliko alivyotupangusa sisi kamasi. Siku moja tu alinifungulia mlango wa nyuma, nikakaa. Niliposhuka nilikuwa nimeshaamua kwamba iko siku nitakaa mbele, tena upande wa usukani.

Basi watoto walipomaliza shule nikainunua ya kwangu. Ilikuwa ya miaka ya tisini, kijani kilichokolea, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, na nilipoiwasha mara ya kwanza nilisikia ngozi ikisisimka. Dada yangu akapiga simu kutoka Nakuru kunikemea. Mtu mzima, mjane, wenzake wananunua ploti Kitengela, yeye ananunua mkweche. Nikamwambia ploti haina usukani.

Siku ile ile niliyoinunua ikachemka. Nilikuwa nimefika Liverpool, ule mtaa wa huku huku Sydney, mshale wa joto ukapanda, moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Nikaingia kituo cha mafuta, nikasimama kando nikaanza kuitukana kwa Kiswahili, matusi ambayo siyaandiki hapa maana mchungaji wangu anapenda kusoma. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja basi akavuka barabara kunijia. Akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo nisiguse kifuniko cha rejeta, maji yatanivua uso. Tukangoja ipoe. Alipoinamia injini aliipitishia mkono taratibu, akakuta mpira mmoja wa maji umezeeka na kupasuka, akaufunga na kitambaa na waya, akaniambia nimpeleke nyumbani kwake Granville kwa gari hilo hilo, nalo lilale kwake.

Ndivyo nilivyompata fundi. Alitoka Uvira, akawa fundi wa magari ya Kijerumani Bujumbura, akakaa kambini Tanzania miaka mingi, kisha akaletwa huku na mkewe na watoto. Huku karatasi za ufundi hana, kwa hiyo aliendesha foklifti kwenye ghala Wetherill Park. Alikuwa umri wa baba yangu, au karibu. Mimi nilimwita Papa kama wanawe walivyomwita, naye akaniita mama muganga, maana kwao muuguzi na daktari wote ni waganga.

Kila Jumamosi mchana nilikuwa kwenye gereji yake nyuma ya nyumba. Mkewe alituletea chai na mandazi, akatucheka kwamba tumeoana na chuma. Pesa Papa hakutaka hata nimsihi vipi. Alisema siku nyingine zote yeye ni mtu wa kusogeza maboksi ya watu, Jumamosi peke yake ndiyo anakuwa mtu aliyekuwa zamani. Na kweli, akishika spana hata mgongo ulinyooka. Alinifundisha kusikiliza valvu, kunusa petroli inayovuja, kutambua kwa kidole bolti iliyokaza na bolti inayodanganya. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifiwe.

Sasa nije kwenye kosa langu. Tulikuwa tumebadilisha rejeta, na Papa akawa anajaza ile dawa ya buluu inayochanganywa na maji. Aliielekeza chupa sentimita chache pembeni ya tundu. Dawa ikamwagika juu ya injini, ikachuruzika mpaka sakafuni, naye akaendelea kumimina kwa utulivu kabisa, kichwa ameinamisha upande kama kuku anayekagua punje. Aliposikia matone chini ndipo akaacha. Akasema mkono umeteleza. Nikachukua kitambaa nikafuta, nikasema hata mimi hunitokea.

Mkono haukuteleza. Nilikuwa najua ana sukari, maana nilimwona akimeza vidonge vyake kwa chai ya vijiko vitatu, nikamgombeza, akacheka. Nilijua pia kwamba alikuwa ameanza kuniomba nimsomee namba kwenye maboksi ya spea, eti taa ya gereji ni mbaya. Nikamnunulia taa kubwa, bado akaniomba. Kazini aliacha foklifti, akaomba apewe kufunga maboksi, kisa bega linamuuma, na bega hilo hilo lilikuwa linanyanyua jeki bila kulalamika. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angeunganisha hayo mambo kabla chai haijapoa. Sukari inakula mishipa ya nyuma ya jicho, polepole, bila maumivu, na ukiwahi inazuilika. Mimi huwaambia wagonjwa kila siku: nenda ukapimwe macho mwaka huu, usingoje.

Nilirudi nyumbani nimeamua kumwambia Jumamosi inayofuata. Ila wiki hiyo gari likaanza kutoa moshi mweupe nyuma. Kule kuchemka kwa siku ya kwanza kulikuwa kumeua gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo injini ilibidi ifunguliwe yote juu. Jumamosi nilipofika Papa alikuwa ameshaanza kuifungua, vyuma vimetandazwa kwenye blanketi, kila bolti kwenye kopo lake. Nikaangalia ile injini iliyolala wazi. Nikafikiri: nikimwambia sasa atakwenda hospitali, watamkataza kazi, na hii nani ataifunga? Nikamshikia taa.

Niliupa ule ukimya jina zuri. Niliuita heshima. Mtu wa umri wa baba yako huwezi kumwambia mbele ya chombo chake kwamba haoni. Upuuzi mtupu. Kazini nawaambia wazee wa umri huo mambo mazito zaidi, tena kwa sauti, tena wamevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Heshima yangu ilianzia na kuishia kwenye gereji ya mtu niliyemhitaji.

Injini aliifunga kwa vidole. Hilo nililishuhudia na bado linanishangaza. Alipapasa uso wa chuma kutafuta mkwaruzo ambao mimi kwa macho yangu mazima sikuuona, akausugua, akapapasa tena. Mimi nilikuwa msomaji wake. Nilisoma kipimo cha kukaza bolti, nikasema namba, yeye akakaza. Miezi minne. Ilipowaka, iliwaka kwa upole hata mkewe akatoka jikoni kuuliza kama imewaka. Papa akaweka kiganja juu ya injini, akakaa hivyo kitambo.

Hapo ningesema. Injini imekwisha, kisingizio kimekwisha. Lakini joto lilikuwa limeanza, na kila mwaka joto likianza wapenzi wa BMW za zamani hukutana Jumapili moja uwanjani, na nilitaka kwenda bila breki kupiga kelele. Akafanya breki. Nikaenda. Wazungu wenye viti vya kukunja walizunguka gari langu, wakainama, wakapiga mluzi, wakauliza nani amefanya kazi hii. Nilisema ni rafiki yangu. Nilirudi nimevimba kichwa kama andazi. Baada ya breki ikawa springi za nyuma, baada ya springi ikawa kioo kisichopanda, na kila mara kilipobaki kitu kimoja nilijiambia kikiisha nitasema. Mwaka ukapita hivyo, na miezi juu yake.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeyaona maradhi ya mwenzake akayaficha.

Siku moja mchana mkewe akanipigia simu analia. Papa alikuwa ameamka akaona nyuzi nyeusi zikielea, kisha jicho la kulia likafungwa na pazia. Mishipa ilikuwa imevuja damu ndani ya jicho. Nilimpeleka hospitali kwa lile lile gari, amekaa kando yangu, mkono kwenye dashibodi njia nzima. Walijaribu. Walimchoma sindano ndani ya jicho, wakampasua, wakampiga miale. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lilikuwa limeharibika katikati zamani, bila mtu kujua, wakasema, nami niliyejua nilikuwa nimesimama pale nimeshika koti lake.

Hospitali walitaka kumpa mkalimani wa simu. Papa akakataa, akasema mama muganga yupo. Kwa hiyo ni mimi niliyekaa katikati yake na daktari siku ya mwisho. Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba kilichobaki ni kivuli na mwanga, na kwamba hakutakuwa na zaidi. Nikatafsiri. Alieleza habari za fimbo nyeupe na watu watakaokuja kumfundisha kutembea. Nikatafsiri. Halafu akasema, kama kwa masikitiko yake mwenyewe, kwamba mgonjwa angeletwa mwaka mmoja mapema wangeokoa sehemu kubwa ya macho haya. Papa akageuza uso kwangu akingoja. Nikamwambia daktari anamtakia kila la heri.

Sikwenda Granville Jumamosi mbili. Ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa treni, gari nimeliacha. Nilimkuta sebuleni amekaa wima kwenye kochi, televisheni imezimwa. Mkewe alikuwa jikoni anapika sombe, majani ya muhogo ya kwao, harufu ya mawese nyumba nzima. Papa aliijua hatua yangu. Akaniambia nikae, nikakaa, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, nikajibu.

"Mama muganga," akasema, "ule daktari alisema one year. Mingine yote ulinitafsiria. Ile haukunitafsiria."

Kiingereza chake cha ghalani kilikuwa kidogo, lakini neno la mwaka na hesabu ya moja nani asiyezijua.

"Wewe uko muganga wa sukari. Macho yangu ulikuwa unaiona?"

Ningeweza kudanganya. Yeye mwenyewe alikuwa ameniachia mlango wazi, hakuwa na njia ya kuusoma uso wangu. Nikasema, "Nilikuwa naona, Papa."

"Tangu siku gani?"

Nikamwambia tangu siku ile dawa ya rejeta ilipomwagika. Nikamwambia na sababu pia, yote, kwamba niliona injini imelala wazi nikataka aifunge kwanza, na kwamba ilipofungwa nikataka breki, na baada ya breki nikazoea. Nilikuwa nalia, na nilichukia kulia kwangu kwa sababu kulikuwa kunaomba kitu. Yeye hakulia. Alikaa akisikiliza namna alivyokuwa akisikiliza valvu, uso umeelekea pembeni kidogo.

"Miye pia nilikuwa najua," akasema mwishowe. "Nilikuwa nakuficha. Niliogopa ukijua hautaniletea tena motokari."

Jikoni mkewe akaita kwamba chakula ki tayari, mgeni anawe mikono. Papa alipapasa mkono wa kochi mpaka akafika mwisho wake, akaushika.

"Tulificha sisi wawili," akasema. "Lakini macho yalikuwa yangu."