Wimbo wa Maski

Tulirekodi siku moja, mimi na kaka yangu, kwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la simenti mjini Homa Bay. Yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyenifundisha kurap, kwa hiyo alianza yeye, mimi nikafuata.

Singo yangu ilikuwa ya mzaha. Kijana anampenda muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye hajawahi kumwona mdomo, maana wakati huo kila mtu sokoni alifunikwa. Kiitikio kilisema, "Shusha maski nikuone." Produsa alikirudia mara tatu akicheka peke yake.

"Hii lazima itoke wiki hii, bro. Hii ni moto."

Nilijua ni moto. Lakini kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, haoi kabla yake, hata mbegu haingizi shambani kabla yake. Nilimwuliza mama kama wimbo nao umo katika mila hiyo, nikitumaini atanicheka. Hakucheka.

"Wimbo si kazi ya mikono yako? Subiri ndugu yako atoe wake kwanza. Usiniletee chira hapa."

Chira ni laana inayomkausha mtu aliyevuka mila. Mimi ni fundi wa stima mwenye cheti, na chira siiamini. Ila sikutaka kuwa wa kuijaribu.

Basi nikangoja. Kaka alikwenda kisiwani Mfangano kufanya biashara ya samaki, na kila nilipompigia kuuliza wimbo wake utatoka lini, alijibu, "Uko njiani." Sikumwambia kwamba wangu umesimama nyuma ya wake. Mdogo hamharakishi mkubwa, na kiburi nacho ninacho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kwelikweli. Maski zilishuka videvuni, kisha zikabaki kwa askari wa geti la hospitali, kisha hata yeye akavua. Nadhani katika Homa Bay nzima ni mimi pekee niliyesikitika corona ilipoisha, na naona aibu kuliandika jambo hili.

Mwaka wa tatu nilichoka, nikautoa bila kumwambia mtu.

Mtangazaji mmoja wa Migori aliucheza mara moja tu, akausifu kwamba umemkumbusha zamani. Wimbo wa siku nne! Mtandaoni mtu aliuliza kama nilikuwa jela. Watoto wa chekechea waliousikia kwenye simu yangu waliuliza, "Maski ya nini, uncle?" Nilianza kuwaeleza, nikaishia katikati. Produsa alinitumia kidole gumba, bila neno.

Nilipanda boti Mbita kwenda kukiri kwa kaka kabla habari hazijamfikia. Nilimkuta ufukweni akipanga sangara kwenye barafu. Nilimwambia nimemtangulia, nikamchezea wimbo. Aliusikiliza wote akiwa amesimama, mikono inadondosha maji.

"Omera, ndugu yangu, si hii tulirekodi ile siku? Mbona umekaa nayo hivi?"

"Nilikuwa nakungoja. Wewe ndiye mkubwa."

Alifuta mikono kwenye suruali polepole.

"Mimi niliacha muziki jioni ile ile. Nilisikia wako, nikajua wangu si kitu. Ningekuambiaje, na mimi ndiye nilikufundisha?"

"Lakini nilikuwa nakuuliza kila mwezi."

"Uliniuliza wangu. Wako hukuutaja hata siku moja. Nilifikiri na wewe umeacha, nikawa nakuombea urudi."

Nilitaka kukasirika nikakosa nguvu. Akaomba niuanzishe tena. Maneno yote alikuwa nayo, hata yale niliyoyameza studio kwa woga, na aliyarap kwa sauti nzito niliyokuwa nikijaribu kuiiga tangu utotoni. Nilikaa juu ya kreti nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikuweza kumtazama usoni.