Kikonyo cha Karafuu

Laiti ningemkatalia mjomba aliponinong'oneza nimwambie mgeni wake, mwalimu kutoka Mahajanga aliyetafuta wanafunzi wa shule yake, kwamba fumbo la maneno nililijaza peke yangu.

Leo harufu ya karafuu imenirudisha nyumbani, kisiwani Nosy Be. Bibi hakujua kusoma. Kila nilipomtafsiria swali la fumbo gazetini, aliniwekea jibu juu ya karatasi: kikonyo cha karafuu, ganda la vanila, kokwa ya embe. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la kitu hicho kwa Kifaransa.

"Nani kakusaidia?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna."

Bibi akakusanya vikonyo, maganda na kokwa zake ndani ya leso. "Haya, bwana mkubwa. Umeshajua yote."

Shule ya Mahajanga nikaipata. Bibi hakunionyesha tena mbegu wala jani, na yote aliyoyajua alizikwa nayo.