Bakuli Lisilogusa Mstari

Harufu ya ikwa inapochimbuliwa, na ule udongo mwekundu wa Igembe uliolowa ukungu, bado hunikasirisha. Ikwa ni kiazi kikuu. Mmea wake hupanda juu ya mti, halafu majani hunyauka, kamba hukauka, na mpita njia anaweza kuapa pale hapana kitu. Mama alinifunza kuchimba papo hapo penye ukavu. Msimu ule wa baridi nilikuwa kidato cha pili, msichana wa pekee wa boma letu kufika huko, na ndio msimu nilioachishwa shule.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na viatu vya kung'aa na mdomo mchafu. Alichora ubaoni mistari iliyopinda kama bakuli, akasema mizizi ya mlinganyo ni pale bakuli linapokata mstari wa chini. La kwanza lilikata mara mbili: mizizi miwili. La pili lilining'inia juu, halikugusa chochote. Akauliza hili lina mizizi mingapi. Darasa zima likaitika hakuna. Mimi nikasema ni miwili, kama lile la kwanza, ila haionekani. Mizizi niliyoijua mimi hukaa chini.

Alicheka mpaka akashika meza. Akaniita binti wa wachimba ikwa, akauliza kama nimekuja na jembe. Nikamwambia, "Mizizi iko, mwalimu. Ni wewe huioni." Darasa likamcheka yeye. Hapo ndipo aliponichukia. Alinichapa, kisha akanituma nimlete baba: nipige magoti mbele ya shule nzima niseme hakuna, au niende zangu kabisa. Baba, mtu aliyeogopa kila aliyevaa tai, akaninong'oneza, "Sema hakuna, mama, urudi darasani." Nilimtazama yule mwalimu machoni nikasema, "Iko." Tukarudi nyumbani, na shule yangu ikaishia hapo.

Mjukuu wangu Kanana, wajina wangu, anasomea hesabu chuoni Nchiru. Juzi alinichorea bakuli lile lile kwenye jivu la mekoni. Akasema mlinganyo wa kipeo cha pili una mizizi miwili, wa tatu mitatu, wa nne minne, siku zote, ukihesabu inayojirudia na ile changamano isiyokaa kwenye mstari. Nilipoanza kujipiga kifua akanikatiza: "Cucu, wewe ulibahatisha tu. Haiko chini ya udongo. Na kwa hesabu za kidato cha pili, mwalimu alikuwa sawa." Nikamwambia ajimiminie chai mwenyewe.

Anataka nimsamehe yule mwalimu, ambaye sasa ni marehemu. Siku walipomzika nilikuwa shambani napalilia maharagwe, na hata mgongo sikuunyoosha. Kubahatisha, sawa, nilibahatisha. Lakini huko Nchiru, anasema, mwanafunzi akibisha hupewa chaki aje mbele, na akikosea anaonyeshwa alipokosea. Mimi nilionyeshwa lango.