Zimwi Tulilolipika Wenyewe

Nakumbuka vizuri siku tuliyolipika lile zimwi. Tulikuwa tunapura uwele nyumbani kwa mama mkwe wangu, hapa hapa Bahi, na upepo ulikuwa unatupigia makapi machoni. Usinikatize, Yona. Najua mkutano ni alasiri na jua linakwenda. Najua vijana wenzako wamekwisha kujaa pale ofisi ya kijiji. Ndiyo maana naongea nimesimama, maana kukaa kumenishinda tangu asubuhi. Weka simu chini, mwanangu, umsikilize bibi yako.

Mwaka ule walikuja watu na katapila wakatuchimbia lambo la kunyweshea ng'ombe. Tulipiga vigelegele hadi koo zikakauka. Mvua ya kwanza ilipolijaza, vigelegele vikaisha. Watoto wetu walikuwa watoto wa kuchunga, na maji waliyoyajua ni ya kwenye ndoo. Kuogelea hakuna aliyejua, hata sisi watu wazima. Na lile lambo ukiteleza ukingoni ni moja kwa moja, hakuna pa kushika. Ndama wa jirani aliingia kunywa, tukamwona kichwa, halafu hatukumwona tena.

Basi mama mkwe wangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Eliya, mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi, akaweka chini fimbo yake ya kupuria. "Tukiwaambia wasiende, wataenda," akasema. "Lile shimo litafutiwe mwenyewe."

Nyinyi mnadhani mazimwi yanatoka wapi? Mnadhani yameumbwa siku moja na fisi? Yanatoka kwa watu wenye hofu, mwanangu, na siku ile niliona kwa macho yangu yanavyotengenezwa. Mama mmoja aliyeolewa kutoka Mtera akasema zimwi letu liwe na meno ya mamba, meno yasiyoachia, kwa sababu dada yake alichukuliwa na mamba akifua nguo, ikabaki kanga juu ya jiwe. Alisema hivyo huku mikono inaendelea kupura. Bi Zuhura, mke wa mwenye duka, ambaye wazee wake walifika huku na misafara ile ya zamani ya pembe na watumwa, akasema, "Basi liburute mnyororo. Bibi yangu akisikia chuma kinagongana alikuwa anaingia mvunguni, na ni mtu mzima mwenye wajukuu." Hakuna aliyecheka. Mama Eliya mwenyewe akalipa mwili wa tope, tope letu hili la Bahi linalommeza ng'ombe taratibu huku anakutazama. Halafu, kunogesha tu, akaliongezea macho mekundu.

Mimi nilikuwa mwali wa juzi tu hapo nyumbani, nikajitia ujuaji. Nikasema liwe linatoka majini jioni, linapita majumbani kutafuta watoto watukutu. Wee! Mama Eliya alinigeukia kama nimemwaga unga.

"Likitoka majini litalala kwa nani?" akaniuliza. "Eti, mkwe? Siku likianza kutembea, watu watalitafutia nyumba. Na nyumba watakayoichagua haitakuwa ya mwenyekiti."

Akaliwekea sheria zake. Halitoki majini kabisa. Halimgusi mtu ambaye maji hayajamvuka kifundo cha mguu. Akiwepo mtu mzima ukingoni, linalala. Alisema mtoto lazima ajue pa kuogopa na pa kutoogopa, vinginevyo atashindwa hata kulala nyumbani kwao. Mimi nilinuna, nikaona ananionea mbele za watu.

Lakini lilifanya kazi, khaa! Watoto wakalijua meno, wakalijua mnyororo, wakawa wanaigizana namna linavyokohoa. Walikuwa wanakwenda lambo wakiwa na mtu mzima, wanasimama pale pale tulipowaambia. Miaka ikapita watoto wetu wakakua wote, na sisi tukalisahau kidogo lile zimwi, maana hofu ya mtoto ikishamlinda hakuna anayekaa kuihesabia fadhila.

Kisha wakaja wageni, wafugaji, wakahamia upande wa pili. Hao walisikia nusu. Waliambiwa lambo lina kitu, hawakuambiwa sheria zake, na kila aliyesimulia akaongeza lake. Mara kimeonekana barabarani. Mara kimeonekana zizini kwa fulani. Zimwi letu likaanza kutembea, Yona, na kama alivyosema Mama Eliya, watu wakaanza kulitafutia nyumba. Nyumba iliyokuwa karibu na lambo ilikuwa ya Bibi Mwaja. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa wametangulia mbele ya haki wote, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu alipikia mabua ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Ndipo binti mdogo wa mfugaji mmoja akatumwa maji peke yake. Tulimtoa jioni. Nisingependa kukueleza alivyokuwa. Tukamzika, na kabla hatujanawa mikono, jina la Bibi Mwaja lilikuwa linatajwa pale pale makaburini.

Wakaita mkutano kiwanja cha shule, mchana kweupe. Akaletwa mpiga ramli kutoka mbali, amevaa koti kwenye joto lile. Vijana walikuwa na mapanga, na kuna wengine nilikuwa nimewabeba mgongoni. Bibi Mwaja walimkalisha chini, katikati. Hakulia. Alikuwa anang'oa majani makavu mbele yake, moja moja, anayaweka pembeni. Watu waliozoea kumwamkia kila siku walikuwa wanapita wanatazama kando.

Na sisi tuliolipika zimwi tulikuwa tumesimama pamoja, tunatazamana. Fikiria hali ile. Tukisema zimwi halipo, wadogo walio nyumbani kesho wataingia majini. Tukinyamaza, bibi wa watu anauawa mbele ya macho yetu. Bi Zuhura alinishika mkono akanibana mpaka nikaumia. Mpiga ramli akauliza kwa sauti: huyu kiumbe wa lambo, mwenye macho mekundu, mwenye kumfuga ni nani? Vijana wakaanza kusogea.

Mama Eliya akatoka mbele. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

"Nimelipika mimi," akasema. "Nyumbani kwangu, siku tunapura uwele. Hayo macho mekundu nimeyaweka mimi, kunogesha hadithi. Mwaja hafugi kitu. Ana moshi tu."

Baba wa marehemu akainuka. "Kwa hiyo mwanangu kaliwa na nini, mama?"

"Maji, baba yangu," Mama Eliya akamwambia. "Ni maji."

Loo! Yule baba aliketi chini kama mtoto, akashika kichwa. Nilielewa siku ile kwa nini alikuwa analitaka zimwi. Zimwi unaweza kulifuata na panga. Maji utayafanya nini? Wengine wakapiga kelele kwamba Mama Eliya anamkingia mchawi mwenzake, wakamzomea. Hapo Bi Zuhura akaniachia mkono akatoka mbele. "Mnyororo ni wa kwetu," akasema, "umetoka kwa bibi yangu." Yule wa Mtera naye akatoka akalia, akasema meno ni ya mamba aliyemla dada yake. Na mimi nikaenda kusimama nao, nikasema nilikuwepo na nilisikia yote. Kila mmoja alichukua kipande chake mbele ya watu, mpaka hapakubaki kitu cha kumtwisha Bibi Mwaja. Mpiga ramli akavua koti, akaulizia basi la kurudi kwao.

Sitakudanganya kwamba yaliisha vizuri. Bibi Mwaja ndugu zake walimchukua wakampeleka Kibakwe, na hakurudi. Paa lake likaanguka, mvua zikamaliza kuta. Mama Eliya, kuna watu waliokataa kula chakula chake hadi anakufa, na jambo lile lilimuuma, alikuwa analisema wazi. Sisi wengine tulikata miiba tukazungushia lambo, tukawa tunakaa ukingoni kwa zamu, juani, tunalalamika. Lakini tulikaa. Na Bibi Mwaja alikufa kitandani, kwa uzee wake, amefunikwa na watu wake.

Sasa nije kwako. Pale penye barabara mpya walichota kifusi wakaacha shimo, mvua imelijaza, na wewe ukakaa na simu yako ukatengeneza picha ya mnyama anatoka majini, anapanda barabarani, anakwenda moja kwa moja kwenye nyumba za watu. Ukaweka na sauti. Nimeiona, nimeonyeshwa na wajukuu wa jirani, na nakiri unajua kazi, hata mimi nilishtuka. Unaniambia, "Bibi, ulikuwa utani tu, kila mtu anajua." Nani anajua? Uliifanya ichekeshe wenzako wa chuo. Huku kijijini imezunguka kwenye magrupu, na nyumba ya kwanza kutoka shimoni ni ya Bibi Sechelela. Jana jioni wamempigia mawe bati, na mkutano wa leo umeitwa kwa ajili yake. Bibi Sechelela, Yona! Aliyekuwa anakuuzia karanga getini kwa shule na kukuongezea za bure kwa sababu ulikuwa mwembamba.

Unasema umeifuta. Umeifuta kwenye simu yako. Kwenye simu za hao waliokaa pale ofisini utaifuta vipi?

Nakwambia haya nikiwa na haraka, kwa hiyo yashike. Hadithi za kutisha sikukatazi. Mimi mwenyewe nimelelea watoto kwa hizo. Lakini ukilisikia zimwi mahali, kabla hujalisimulia, tafuta kwanza ni shimo gani lililo pale, na ni nani aliyeumia. Kuna kitu cha kweli chini yake, mamba, mnyororo, tope, na hicho ndicho cha kushughulikia. Ukilitengeneza wewe, liwekee mipaka yake na usione haya kusema ni lako. Na siku watu wakianza kulitafutia mtu wa kulifuga, usisubiri mwingine aseme. Aliyelitengeneza ndiye anayeaminiwa akilivunja. Mwenyekiti atawatuliza, mchungaji atawaombea, lakini hakuna kati yao anayeweza kusema ile picha niliitengeneza mimi, kwa simu hii, nimekaa kitandani kwangu. Hiyo kauli ni yako peke yako, na bila hiyo yule bibi hana kinga.

Watakuzomea. Watakuita mtoto mpumbavu, na wenzako watakutenga likizo yote. Unaogopa, naona, hata mimi naogopa. Kesho mimi na wewe tutakwenda kukata miiba tulizungushie lile shimo, maana watoto wapo na maji yapo. Leo tuna hili moja.

Vaa viatu. Na ukifika pale, usianze na mwenyekiti wala na wale vijana. Pita katikati ya watu uende alipokaa Bibi Sechelela, uiname, umwamkie. Tangu jana hakuna mtoto wa kijiji hiki aliyemwambia shikamoo. Mwambie wewe, kwa sauti, wote wasikie. Mungu akutie nguvu, mwanangu, ulimi wako usikukimbie. Na akikuitikia marahaba, hiyo iwe baraka yako, maana mimi sina ya kukupa inayoishinda.